Zimwi likujualo: mfululizo wa 'Tremors' na sisi majirani wa hifadhi

MTU yeyote aliyewahi kulipa kiingilio katika kibanda cha video mjini Kasese au Bwera anaijua filamu ya zimwi kabla haijaanza. Kuna kijiji cha mbali kisicho na kituo cha polisi. Kuna mnyama wa ajabu anayekula watu mmoja mmoja, akianza na mlevi na tajiri mwenye majivuno. Kuna kijana shujaa na msichana anayepiga mayowe. Mtafsiri anakoleza kwa Kiluganda mambo ambayo hata mwandishi wa filamu hakuyaandika, mnyama analipuliwa, watazamaji wanashangilia, na anayetaka filamu ya pili analipa upya.

Sisi tuliokulia upande wa Kongo tuliziona filamu za aina hiyo zikizungumza Kifaransa. Lugha ilibadilika, lakini mwisho ulikuwa ule ule. Zimwi lilikufa, watu wakarudi majumbani.

Swali ambalo filamu hizo haziulizi ni hili: je, zimwi lisipokufa? Je, serikali ikija na kusema kwamba zimwi hilo linalindwa na sheria, halipigwi risasi, nanyi wanakijiji mtaishi nalo hapo hapo, itakuwaje?

Mwaka 2003 kituo cha runinga cha Sci-Fi cha Marekani kilionyesha mfululizo uliouliza swali hilo hasa, tena kwa vichekesho. Unaitwa Tremors: The Series. Ulianza Machi 28 na kumalizika Agosti 8 mwaka huo huo. Vilionyeshwa vipindi 13 tu, basi. Kwa hesabu za watu wa runinga, huo ulikuwa mradi ulioshindwa. Lakini kwa msomaji anayelima Karusandara, anayevua samaki Katwe, anayechunga ng'ombe Nyakatonzi au anayepitisha mzigo Mpondwe, mfululizo ule mfupi unasimulia maisha anayoyajua kuliko walioutengeneza.

Mnyama wa chini ya mchanga

Jina lenyewe, Tremors, maana yake ni mitetemo ya ardhi. Kwa watu wa Rwenzori hilo halihitaji kamusi. Tetemeko la Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100 katika eneo letu la mpakani, na lile la Februari 1994 lilibomoa nyumba nyingi upande wa Toro. Tunajua ardhi inavyoweza kumgeuka mtu.

Filamu ya kwanza ilitoka Januari 1990. Iliongozwa na Ron Underwood na kuandikwa na S.S. Wilson na Brent Maddock. Kevin Bacon na Fred Ward waliigiza vibarua wawili wanaotaka kukihama kijiji kidogo kiitwacho Perfection, katika jangwa la jimbo la Nevada. Kabla hawajaondoka, watu wanaanza kutoweka. Chini ya mchanga kuna wanyama kama minyoo mikubwa, wenye urefu wa mita tisa hivi. Hawana macho, wanawinda kwa kuhisi mitetemo ya nyayo. Mwenye duka, Walter Chang, aliyeigizwa na Victor Wong, ndiye aliyewapa jina la graboidi.

Filamu hiyo haikuvuma sana katika majumba ya sinema. Ilipata uhai mrefu kwenye kanda za video, kama zilivyopata nyingi tulizozipenda huku kwetu. Ya pili ilitoka mwaka 1996, ikihusu wanyama hao katika visima vya mafuta huko Mexico. Ya tatu, ya mwaka 2001, iliturudisha Perfection.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyouzaa mfululizo. Ndani yake maofisa wa serikali wanafika kijijini na kutangaza kwamba graboidi yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, kwa hiyo anatakiwa akamatwe akiwa hai. Mwishoni anabaki mmoja tu. Ni mweupe mwili mzima kwa kukosa rangi, na tena ni tasa. Wanakijiji wanamwita El Blanco, neno la Kihispania lenye maana ya Mweupe.

Katika kijiji hicho anaishi Burt Gummer, mzee anayezipenda bunduki zake kuliko majirani, aliyeigizwa na Michael Gross. Huyu ameua graboidi wengi kuliko mtu mwingine yeyote, na ungetegemea ammalize na huyo mmoja. Hafanyi hivyo. Sababu ni kwamba kuna mfanyabiashara wa ardhi, Melvin, aliyekuwa kijana msumbufu katika filamu ya kwanza, anayetaka kulinunua bonde lote ajenge nyumba za kuuza. Maadamu El Blanco yuko hai, sheria inazuia ujenzi huo. Zimwi lililokuwa likiwala wanakijiji limekuwa mlinzi wa viwanja vyao.

Wazee wetu wana methali yake: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Kijiji kilichozoea

Mfululizo wa 2003 unaanzia hapo filamu ilipoishia. Kijana mmoja aliyekuwa dereva wa mashindano ya magari, Tyler Reed, anafika Perfection kufanya biashara ya kuwatembeza watalii wanaotaka kumwona El Blanco. Mpwa wake Chang anaendesha duka la kijiji. Mama mmoja msanii anatengeneza sanamu za mazimwi na kuziuza kwa wageni. Mwanamke mwingine anaendesha ranchi aliyoirithi, na ng'ombe wake wanatembea juu ya ardhi ile ile anamopita mnyama. Serikali nayo ina ofisa wake, Twitchell, aliyeigizwa na Dean Norris, ambaye miaka iliyofuata alijulikana duniani kwa tamthilia ya Breaking Bad. Kazi ya Twitchell ni kuhakikisha sheria inafuatwa, yaani zimwi lisiuawe na watu wasiliwe.

Wanakijiji wamefunga ardhini vifaa vinavyopima mitetemo, navyo huwaarifu El Blanco yuko wapi. Akiwa mbali, maisha yanaendelea. Akikaribia, watu wanapanda juu ya miamba, wanakaa kimya wasikanyage chini, wanangoja apite. Kisha kila mtu anarudi kwenye kazi yake.

Humo ndimo kilimo kicheko. Watu wale wanalichukulia zimwi kama sisi tunavyoichukulia mvua ya Novemba. Linaudhi, linachelewesha shughuli, linaweza kuua, lakini hakuna anayehama kwa ajili yake. Mgeni anapiga kelele, mwenyeji anatazama saa.

Nenda Hamukungu, Kahendero au Katwe giza linapoingia, uone jambo hilo hilo bila kamera. Kiboko anatoka ziwani kula majani katikati ya nyumba za watu. Watoto wanajua mapema kwamba hupiti kati ya kiboko na maji. Mvuvi anajua ufukwe upi haufai saa ipi. Mkulima wa pembeni mwa hifadhi anajua mahindi yakianza kukomaa hatalala kitandani kwake, atalala kwenye kibanda cha shambani na kopo la kugonga, maana tembo naye anajua siku hizo. Hakuna aliyetufungia vifaa vya kupima mitetemo. Tuna simu za mkononi, filimbi, moto na vijana wa kujitolea wanaokwenda usiku kuwarudisha tembo mbugani. Mitaro imechimbwa, na katika sehemu kadhaa za mipaka ya hifadhi umewekwa uzio wa umeme.

Mtu wa Kampala akisikia habari hizo hushangaa. Mtu wa Katwe huuliza bei ya samaki imefikia ngapi.

Kwa nini ulikufa mapema

Kama wazo lilikuwa zuri hivyo, kwa nini vipindi viliishia 13? Sababu moja inajulikana wazi: kituo hakikuvionyesha kwa mpangilio uliokusudiwa na waandishi. Mtazamaji alikuta watu wanafahamiana leo, wiki ijayo wanaonekana kama wamekutana juzi. Hadithi ya kijiji hujengwa hatua kwa hatua, na ukizichanganya hatua hizo mtu anapoteza njia.

Sababu ya pili ni maoni yangu mwenyewe. Waandishi walihitaji kitisho kipya kila wiki, basi wakabuni kemikali iliyovuja kutoka maabara ya siri ya serikali, inayochanganya mbegu za viumbe na kuzaa viumbe vingine. Christopher Lloyd, yule mzee wa nywele za kutimka wa Back to the Future, aliletwa kuigiza mwanasayansi aliyehusika nayo. Kuanzia hapo kila wiki kilitokea kiumbe kigeni, kikauawa, kikasahauliwa. El Blanco, aliyekuwa kiini cha mambo yote, akasogezwa pembeni akawa kama mbwa wa nyumbani.

Mfululizo ulikuwa na jambo ambalo hakuna filamu nyingine ya zimwi iliyokuwa nalo, yaani zimwi linalobaki. Ukaliacha, ukakimbilia mazimwi yanayopita. Hiyo ndiyo tabia yetu pia katika kusimulia habari za wanyamapori. Simba akiua mtu, magazeti na redio zinajaa kwa siku tatu. Tembo anayekula shamba la mama mmoja kila msimu kwa miaka kumi haandikwi popote.

Jina la Tremors lenyewe halikufa. Filamu nyingine zilifuata mwaka 2004, 2015, 2018 na 2020. Hata Kevin Bacon alirudi kuigiza kipindi cha majaribio cha mfululizo mpya, lakini mwaka 2018 kituo kile kile, ambacho sasa kinaitwa Syfy, kikakataa kuuendeleza.

El Blanco wetu ana miguu mitatu

Kama Perfection ina El Blanco, Queen Elizabeth ina Jacob. Huyu ni simba dume ambaye mwaka 2020 alinaswa na mtego wa chuma wa majangili akapoteza mguu mmoja wa nyuma. Wengi walidhani hatapona. Akapona, akaendelea kuwinda kwa miguu mitatu. Usiku wa Februari 1, 2024, yeye na ndugu yake Tibu walirekodiwa na kamera ya ndege isiyo na rubani wakiogelea kuuvuka Mfereji wa Kazinga, wenye viboko na mamba wengi. Watafiti walikadiria kwamba waliogelea zaidi ya kilomita moja, wakaeleza kuwa pengine walikuwa wakitafuta majike, kwa kuwa simba wa hifadhi hiyo wamepungua. Habari hiyo ilienea dunia nzima.

Jacob ana jina na ana wapenzi katika nchi ambazo hatafika. Mgeni anakuja kwa ndege, analipa langoni, analala hotelini, anatumaini kumwona. Kama El Blanco, ni mnyama anayeua ambaye akiwa hai analeta fedha, na akifa watu wengi watahuzunika.

Lakini Aprili 2018, karibu na kijiji cha Hamukungu, simba 11 walikutwa wamekufa, wakiwemo watoto wanane. Ilishukiwa kwamba waliwekewa sumu. Kwa mwindaji wa picha huo ni msiba. Kwa mfugaji aliyeamka akakuta ndama wake ametafunwa, simba hana jina wala wapenzi. Wote wawili wanamzungumzia mnyama mmoja, ila mmoja anaongea siku ya faida na mwingine siku ya hasara.

Hapo ndipo tunapopaswa kuulinganisha mfululizo na maisha yetu kwa makini, maana mfanano unaishia mahali fulani.

Nani alitangulia bondeni

Katika Perfection wanakijiji walikuwa na viwanja vyao kwanza. Zimwi likaja, sheria ikalilinda, na ulinzi huo ukageuka kuwa ngao ya viwanja vyao dhidi ya tajiri. Ndiyo maana Burt Gummer aliweka bunduki chini. Hakumsamehe mnyama kwa huruma, alipiga hesabu akaona anafaidika.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1952, chini ya utawala wa Mwingereza, ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alizuru, na hifadhi ikapewa jina lake. Leo ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,978. Ndani ya eneo hilo mlikuwa na malisho ya Wasongora, mashamba, vijiji vya wavuvi na njia za chumvi ya Katwe. Vijiji vya wavuvi viliachwa vikiwa kama visiwa katikati ya mbuga. Wafugaji wengi walisogea, na baadhi wakavuka kwenda Kongo na ng'ombe wao.

Kongo nako kulikuwa na hifadhi, Virunga, ambayo sisi tuliosomea huko tuliiita parke. Mwaka 2006 wafugaji wa Kisongora walifukuzwa humo. Wakavuka mpaka na mifugo yao, wakaingia Queen Elizabeth, mahali ambapo babu zao walichunga kabla ya 1952. Kwa wenye hifadhi hao walikuwa wavamizi. Wao wenyewe walijihesabu kuwa wamerudi nyumbani. Mwaka 2007 serikali ilianza kuwatafutia ardhi nje ya hifadhi, na ardhi hiyo nayo ikazua mvutano na wakulima wa Kikonzo waliokuwa wakiitumia. Mkulima na mfugaji wakatazamana kwa jicho baya, wakati wote wawili walikuwa wamebanwa na ukuta mmoja.

Sisemi hifadhi ifutwe. Wakati wa Amin na vita vya 1979 tuliona mbuga isiyo na mlinzi inavyokuwa. Majangili waliwaua tembo karibu kuwamaliza, na mwananchi wa kawaida hakupata hata pembe moja. Ninachosema ni kwamba mtu humvumilia mnyama hatari akiona kuwa mnyama huyo anamlinda na yeye pia. Akiona mnyama amechukua ardhi, amechukua mahindi na amechukua ndama, na fedha zake zinapita barabarani kwenye magari ya vioo vyeusi, methali inageuka. Hilo si zimwi linalomjua.

Maswali matatu ya kijiji cha Perfection

Ukiangalia kwa nini kijiji kile cha kubuniwa kiliweza kuishi na mnyama wake, utaona kwamba maswali matatu yalikuwa na majibu.

La kwanza: nani ana mnyama siku ya faida? Perfection jibu lilikuwa wanakijiji wenyewe. Watalii walipanda gari la Tyler, wakanunua dukani kwa Jodi Chang na kuondoka na sanamu ya Nancy. Kwetu sheria inasema asilimia 20 ya viingilio vinavyolipwa kwenye lango la hifadhi igawiwe majirani kupitia serikali za mitaa. Shule na zahanati zimejengwa kwa fedha hizo, hilo ni kweli na tusilifiche. Lakini ni sehemu ya kiingilio peke yake, nayo hupita mikono mingi kabla ya kufika kwa yule aliyelala shambani. Biashara kubwa ya hoteli na magari haimo katika hesabu hiyo. Vijana wetu wangapi wana gari la kutembeza wageni? Akina mama wangapi wa Bwera wanauza vikapu vyao moja kwa moja kwa mtalii bila dalali?

La pili: nani ana mnyama siku ya hasara? Kwa miaka mingi jibu letu lilikuwa pole. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ilibadilisha hilo kwa kuanzisha mpango wa fidia kwa kifo, majeraha na uharibifu wa mali unaosababishwa na wanyama walioorodheshwa, kama vile tembo, simba, kiboko, mamba, nyati na chui. Madai hukaguliwa na kamati ya uthibitisho. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini soma masharti. Fidia inahusu madhara yaliyotokea nje ya eneo lililohifadhiwa. Kwa mkulima wa Karusandara mpaka ni dhahiri. Kwa mtu wa kijiji kilichozungukwa na mbuga pande zote, mwenye ng'ombe anayekwenda kunywa maji ziwani, mstari uko wapi?

La tatu: nani anaambiwa mnyama alipo? Perfection kila mtu alikuwa na taarifa. Kwetu baadhi ya simba na tembo wamefungwa mikanda ya shingoni inayotuma ishara kwa setilaiti, na mtaalamu aliyeketi mbele ya kompyuta anaweza kujua kundi liko wapi. Taarifa hiyo ikimfikia mwenyekiti wa kijiji saa moja mapema, shamba linaokoka na tembo pia anaokoka. Ikibaki ofisini inakuwa ya utafiti tu.

Kuna jambo jingine dogo. Ofisa Twitchell anachekwa na kufokewa katika mfululizo mzima, lakini wanakijiji wanamjua kwa sura na kwa jina. Wanajua wamfuate nani. Ofisa anayefokewa usoni ana faida kuliko ofisa asiyeonekana.

Wanyama wasio na pasipoti

Wafanyabiashara wa Mpondwe wanaweza kudhani habari hii ni ya wakulima peke yao. Hebu watazame barabara ya Kikorongo kwenda Bwera. Mzigo wa kwenda Kasindi unapita pembeni mwa mbuga, na dereva wa usiku anajua kuzimika kwa gari mahali fulani si sawa na kuzimika mahali pengine. Samaki na chumvi vinatoka kwenye vijiji vilivyo ndani ya mbuga. Mavuno yakiliwa Nyakatonzi, soko la mpakani linajua wiki hiyo hiyo.

Tena Queen Elizabeth na Virunga zinapakana. Mwaka 2020 mamia ya tembo walihama kutoka upande wetu wakaingia Virunga, na wahifadhi wa Kongo wakafurahi kuona wamerudi. Miaka mingine, vita vikipamba moto kule, tembo wamekimbilia huku. Wamefanya kama tulivyofanya sisi, ila wao hawakuombwa kitambulisho wala kadi ya chanjo. Tembo aliyelala Virunga akavuka usiku, akala mihogo ya mjane upande wa Uganda na kurudi kabla ya jua, ni tembo wa nani? Na mkulima wa upande wa Kasindi aliyeliwa na tembo wa Uganda atamdai nani? Sheria za nchi mbili zinatazamana tu, tembo anapita katikati.

Filamu ya tano ya Tremors, ya mwaka 2015, iligusa jambo linalofanana na hili. Iliwahamishia graboidi Afrika Kusini, na ilipigwa huko huko. Burt Gummer anaitwa na mtu anayejitambulisha kuwa ofisa wa wanyamapori. Kumbe ni jangili aliyevaa cheo, anatafuta mayai ya graboidi akayauze. Watazamaji wa Marekani walicheka. Wasomaji wa mpakani, ambako pembe na nyama za porini zimewahi kupita chini ya magunia ya bidhaa halali, watacheka nusu tu.

Na zipo hofu ambazo hatuzifanyii mzaha kabisa. Juni 2023 waasi waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mimi ni mwalimu, sina la kuchekesha kuhusu usiku ule. Nautaja ili ieleweke kwamba watu wa Bwera wanapocheka kuhusu kiboko au tembo, si kwa sababu hawajui kuogopa. Mnyama ana njia yake, ana saa yake, ana sababu yake. Unaweza kumsoma, ukimsoma unaweza kuishi naye. Kicheko cha Perfection ni cha watu waliomsoma mnyama wao.

Basi tufanye nini? Kwanza, atakayepata hasara asikae na uchungu wake nyumbani. Atoe taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa ofisi ya hifadhi, apige picha ya shamba au mnyama aliyeuawa kabla mabaki hayajaondolewa, aandike tarehe, awe na mashahidi. Fidia isiyodaiwa hailipwi, na idadi ya madai ndiyo itakayoonyesha ukubwa wa tatizo. Pili, tuwaulize madiwani wetu, kila mwaka na hadharani, mgao wa asilimia 20 umefika kiasi gani na umefanya nini. Tatu, tuache kuweka sumu. Sumu ya simba humla mbwa, humla tai, na ikimwagika humla mtoto. Isitoshe, inatuondolea haki ya kulalamika.

Kwa upande wa Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, ombi ni moja. Mnajua Jacob alivuka maji usiku gani na kwa umbali gani. Mfahamuni vilevile mtu wa Hamukungu, ng'ombe wangapi amepoteza na tangu lini anangoja jibu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini methali hiyo inadai kujuana.